Nani Kasema, na Umejuaje? Falsafa ya Maarifa Kando ya Ziwa

Vitabu vingi vya utangulizi wa falsafa husimulia historia ya maarifa kwa mkato: zamani watu walimtii Aristotle wa Ugiriki ya kale na viongozi wa dini, kisha karne ya 17 akaja mwanafalsafa Mfaransa Descartes, watu wakafumbuka macho na kuanza kufikiri wenyewe. Ukiingia na simulizi hiyo kwenye duara la watu wa Mwanza, lenye wanachuo, walimu wa sekondari, wavuvi na akina mama wa sokoni, darasa linaharibika jioni ya kwanza. Vijana wanaondoka wakidhani kuwa na akili ni kubisha. Wazee wanaondoka wakijua wametukanwa kwa adabu. Na simulizi yenyewe si ya kweli.

Kuendesha duara la namna hii kumetufundisha kwamba hakuna zama iliyoishi bila mamlaka, wala zama iliyokosa watu wa kuyahoji. Kilichokuwa kikibadilika ni swali gani linaruhusiwa, linaulizwa kwa njia ipi, na nani anahesabiwa kuwa mtu wa kuliuliza. Ukilishika hilo, jioni sita zinatosha kwenda kutoka Athene hadi Kirumba, hapa Mwanza.

Maandalizi ni machache. Watu wawe 8 hadi 15; wakizidi, wanaozungumza ni walewale wanne. Tafuta sehemu yenye mchanga mtupu, mita 5 kwa 5. Uwe na kamba ya katani, vijiti, futi ya fundi, ubao mdogo na chaki, jiko, sufuria, kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110, na simu ya kurekodia. Anza saa 10 jioni ili umalize kabla ya giza na mbu. Ratiba ndiyo inayowashinda wengi: ukitaka wavuvi wa dagaa waje, usipange siku za giza la mwezi, maana wakati huo wanajiandaa kuingia ziwani. Panga siku za mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu wakishona nyavu.

Jioni ya kwanza ni ya Sokrates, mwanafalsafa wa Athene ambaye hakuandika chochote na aliuawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 399 KK. Usianze na maisha yake. Anza na mraba. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, yaliyoandikwa na mwanafunzi wake Plato, Sokrates anamwita kijana mtumwa asiyewahi kufundishwa jiometria. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake futi za mraba 4, kisha anamuuliza: mraba wenye eneo maradufu, yaani 8, utakuwa na upande wa urefu gani? Kijana anajibu haraka: 4. Wakichora, eneo linakuwa 16. Anajaribu 3, linakuwa 9. Anakwama.

Fanyeni hivyo hivyo mchangani, kwa mita badala ya futi. Chora mraba wa mita 2 kwa 2, na pembe ziwe mraba kweli. Fundi ujenzi yeyote kwenye duara atakuonyesha namna: pima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, na mkato kati ya alama hizo mbili uwe 100. Pembe ikipinda, hesabu ya mwisho haitatoka na watu watalaumu falsafa. Kisha waache wajibu. Jibu la mita 4 hutoka karibu kila mara, na hutoka kwa sauti kubwa. Chora miraba mitatu mingine iungane na ule wa kwanza, waone wenyewe kwamba wamepata mara nne. Wakishachoka kubahatisha, chora ulalo ndani ya kila mraba, kona hadi kona, hiyo mistari minne ikutane na kufanya mraba uliokaa upande katikati. Kila ulalo umekata mraba wake nusu. Nusu nne za mita 2 za mraba ni 8. Upande unaotafutwa ni ule ulalo.

Makosa mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni mwezeshaji kutoa jibu kabla watu hawajasema “hatujui”. Sokrates anasema waziwazi kwamba kijana aliyekwama ana hali bora kuliko alipokuwa na uhakika wa uongo. Ukimwokoa mapema umemnyima sehemu yenye thamani. La pili ni kumweka mwalimu wa hisabati mbele ya wanafunzi wake mwenyewe ajibu wa kwanza. Akikosea, hatarudi tena. Aketi nyuma, apewe kazi ya kushika kamba.

Bado jioni hiyohiyo, nendeni kwenye mfano wa Plato wa barabara ya kwenda Larisa, mji wa Ugiriki. Mtu aliyeitembea barabara hiyo na mtu aliyebahatisha njia sahihi wote watafika. Plato anauliza, basi maarifa yanazidi nini rai iliyo sahihi? Jibu lake ni kwamba rai sahihi hutoroka isipofungwa, na kifungo ni kuweza kueleza sababu yake. Hapo ndipo Mwanza inapata mfano wake, na sijaona mji wenye mfano mzuri zaidi.

Tarehe 3 Agosti 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa kwa mara ya kwanza, akatangaza kuwa ndilo chanzo cha Nile. Alikuwa ameona ncha ya kusini tu. Hakulizunguka wala hakuona mto unaotoka. Richard Burton, mwenzake wa safari aliyebaki Kaze, Tabora ya leo, alikataa kuyapokea hayo. Speke alirudi safari nyingine na tarehe 28 Julai 1862 akafika kwenye maporomoko ya Jinja, lakini hakuufuata mto hatua kwa hatua, kwa hiyo wapinzani wake Uingereza walikuwa na pa kumshikia. Mdahalo wa Burton na Speke ulipangwa Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Mwaka 1875 msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alianzia Kageye, ufukoni mwa ghuba ambayo leo inaitwa Ghuba ya Speke, akalizunguka ziwa lote kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja na mto wake mkubwa unatokea kaskazini.

Uliza: mwaka 1858, Speke alijua, au alibahatisha? Gawa duara pande mbili, dakika 15 kila upande. Wanaosema alijua watashikilia kwamba alikuwa sahihi. Wanaosema hakujua watauliza kamba iliyoifunga rai yake iko wapi. Kisha ongeza la tatu: habari za ziwa hili Speke alizipata Kaze kwa wafanyabiashara Waarabu, akiwemo Snay bin Amir, ambao nao walizipata kwa watu waliotembea na kuishi huku. Wakerewe na Wasukuma walikuwa wanavua humo. Kwa hiyo ndani ya “ugunduzi” ule kuna neno la watu wengine, halikuandikwa chini yake jina. Hoja hii ni halali na itakuja hata usipoileta. Iache ije mwisho. Ikitangulia, mazungumzo yanakuwa ya ukoloni peke yake na swali la Plato linasahaulika. Mtu makini atakumbuka pia kwamba yule kijana wa mraba naye hakutajwa jina. Mwambie alitunze swali hilo hadi jioni ya mwisho.

Jioni ya pili ni fupi na ya samaki. Aristotle (384–322 KK) alikaa chuoni kwa Plato miaka 20, na sehemu kubwa ya maandishi yake yaliyotufikia ni ya wanyama. Katika kitabu cha kwanza cha Metafizikia anatenganisha aliye na uzoefu, ambaye anajua kwamba jambo liko hivyo, na bingwa wa kazi, ambaye anajua kwa nini. Wanachuo hupenda sana sentensi hiyo na huifanya ngazi ya kuwapanda wavuvi. Wasomee na aliyoitanguliza kabla yake: katika kutenda, mwenye uzoefu bila nadharia humshinda mwenye nadharia bila uzoefu.

Chora ubaoni safu tatu: “iko hivyo”, “kwa nini”, na “ingekuwa si kweli, ungeonaje”. Mwombe mvuvi wa dagaa ataje jambo moja. Atasema mbalamwezi haina dagaa. Kwa nini? Taa huwavuta, mwezi ukiangaza ziwa lote, taa ya mtumbwi haina tena nguvu ya kuwakusanya. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo inayoonyesha nani anafikiri. Majibu mazuri huja kama haya: usiku wa mbalamwezi wenye wingu zito ungepaswa kuleta samaki zaidi kuliko mbalamwezi nyeupe; au mwezi unapochelewa kuchomoza, kazi ya saa za mwanzo ingepaswa kuwa nzuri kuliko ya alfajiri. Wavuvi wengi wana jibu la haya tayari. Hakuna aliyewauliza.

Malizia kwa kambale wa Ugiriki. Aristotle aliandika kwamba kambale dume wa mtoni hulinda mayai na watoto. Wasomi wa Ulaya walilitilia shaka jambo hilo karne nyingi, mpaka mwanasayansi Louis Agassiz alipolithibitisha katika karne ya 19. Watu wa hapa hawashangai, kwa kuwa wamewaona furu jike, samaki wadogo wa ziwa hili, wakibeba mayai mdomoni. Lakini Aristotle huyohuyo aliandika kwamba mikunga haizaliwi na mikunga bali hutoka matopeni. Jina ni moja na kitabu ni kimoja, kauli moja imesimama na nyingine imeanguka. Hapo hakuna haja ya kuhubiri kitu.

Jioni ya tatu watu huitarajia iwe ya giza, kwa sababu wamesoma mahali kwamba zama za kati zilikuwa za kuamini tu. Waulize waliosoma madrasa waeleze isnadi. Hadithi, yaani simulizi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, ina sehemu mbili: mlolongo wa wapokezi, ambao ndio isnadi, na maneno yenyewe. Wataalamu wa hadithi walihoji kila kiungo: je, huyu alikutana kweli na yule anayedai kumsikia? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Kuna pengo katikati? Kuna njia nyingine iliyoleta maneno hayohayo bila kupitia kwake? Huo ni ukaguzi mkali, na ulikuwa kazi ya kila siku karne ya 9, miaka 800 kabla ya Descartes.

Zoezi lake ni sauti iliyosambazwa WhatsApp. Chagua moja inayohusu jambo la hapa, kama bei ya mabondo (vibofu vya hewa vya sangara) au kufungwa kwa uvuvi, isiyomtaja mtu binafsi. Andikeni mlolongo ubaoni, mtu hadi mtu, kwa kupiga simu pale pale. Kwa kawaida kamba inakatika kwenye kiungo cha pili au cha tatu, mahali pa “nimetumiwa kwenye kundi”. Kuna kitu cha kuangalia: kauli ikikosa isnadi haijathibitishwa kuwa ya uongo. Inawekwa kando tu. Vijana huruka kutoka “haina chanzo” hadi “ni uongo”, na wakishaizoea njia hiyo ya mkato ni kazi kuwarudisha.

Kisha Al-Ghazali (1058–1111), mwalimu mkubwa wa Baghdad aliyeacha kiti chake mwaka 1095. Katika maelezo ya safari yake ya kiroho anasema aliona watoto wa Wakristo wanakua Wakristo, wa Wayahudi Wayahudi, wa Waislamu Waislamu, na kamba ya kufuata bila kuhoji ikamkatikia. Akazihoji hata hisia: kivuli kinaonekana kimesimama kumbe kinatembea. Choma kijiti mchangani mwanzo wa jioni, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 10. Hakuna atakayeona kivuli kikisogea, na baada ya nusu saa alama ziko nne. Shaka ya Descartes (1641) inakuja baadaye na inafanana na hii kwa mambo mengi. Tunampa Descartes robo saa, inatosha.

Kwa Thomas Aquinas (1225–1274), mwanateolojia wa Kikatoliki, chukua mfumo wake kuliko mafundisho yake. Kila makala ya Summa, kitabu chake kikuu cha teolojia, inaanza na swali, zinafuata hoja za upande pinzani, kisha kauli ya upande wa pili, kisha jibu lake, kisha anarudi kujibu kila hoja pinzani moja moja. Na mtu huyu wa kanisa aliandika kwamba hoja inayosimama juu ya mamlaka ya akili ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Iliyo imara aliiona ni ile inayotegemea ufunuo wa Mungu. Someni zote mbili. Anayesoma nusu ya kwanza tu anamfanya Aquinas kuwa mkanamungu, na anayesoma ya pili tu anamfanya askari wa zamu.

Wape mdahalo kwa mfumo huo, na sharti moja: hoja pinzani haihesabiki mpaka mwenye hoja aseme, “ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema mimi.” Sharti hili linakula muda na ndilo lenye faida kubwa kuliko yote tuliyojaribu. Hatari ya jioni hii inajulikana: mlokole mmoja na ustaadhi mmoja wakianza kupimana ni ufunuo gani wa kweli, kazi imekwisha. Tangaza mapema kwamba swali la leo ni namna ya kukagua kauli za wanadamu, na ulisimamie.

Jioni ya nne washa jiko.

Kitabu cha shule kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Uso wa ziwa hapa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huku mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko pwani, kwa hiyo maji yanachemka karibu nyuzi 96. Usiwaambie. Tia lita moja ya maji safi kwenye sufuria, laza kijiti juu yake, ning'iniza kipimajoto kwa uzi ili tunguu lake liwe katikati ya maji bila kugusa chini. Ligusapo chini, linasoma joto la bati. Subiri maji yatokote sawasawa, si vipovu vidogo vya mwanzo. Soma jicho likiwa usawa wa alama, mara tatu, dakika moja kati ya kila usomaji. Watu watatu tofauti wasome, na kila mmoja aandike kwenye karatasi yake bila kuwaonyesha wengine. Wakitajiana, wa tatu atasoma alichosikia.

Kabla ya hapo kikagueni kipimajoto chenyewe. Vipimajoto vya bei rahisi hukosea hata nyuzi mbili, na kosa hilo linatosha kuvuruga kila kitu. Barafu haijawahi kuwa shida kwenye mji wa sangara: ponda barafu safi, changanya na maji kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto kwa dakika tatu. Kinapaswa kusoma sifuri. Kikisoma 1, kumbuka kwamba kinaweza kuongeza 1 huku juu pia. Tumia cha pombe yenye rangi. Cha zebaki kikivunjika mchangani ni sumu.

Itakapotoka 96, duara litashangilia kwamba kitabu kimedanganya. Nyamaza kidogo, kisha uliza kitabu kilisema nini hasa. Kauli kamili ni nyuzi 100 kwenye mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari. Sharti lake lilidondoka njiani, kutoka kitabu hadi daftari, kutoka daftari hadi mtihani. Wasafiri wa enzi za Speke walilitumia jambo hilohilo kupima urefu wa nchi: walichemsha maji na kusoma kipimajoto. Baada ya hapo uliza swali la pili: nani aliweka alama ya 100 kwenye kipimajoto hiki? Kiwanda ambacho hakuna mmoja wetu aliyekiona. Tumeliacha neno la mwandishi wa kitabu na kulishika neno la mtengeneza kifaa.

Hapo ndipo karne ya 17 inaeleweka bila kupambwa. Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon mwaka 1620 aliorodhesha sanamu nne zinazoipotosha akili: za ubinadamu wetu wote, za pango la kila mtu, za soko ambako maneno hubadilishwa, na za jukwaa, yaani mifumo mikubwa ya falsafa inayochezwa mbele yetu. Jumuiya ya wanasayansi iliyoanzishwa London mwaka 1660 ilichukua kaulimbiu ya Kilatini yenye maana ya kutochukua neno la mtu yeyote. Kwa matendo walichukua maneno ya watu kila wiki: barua za mabaharia, taarifa za majaribio yaliyofanyika miji mingine. Walichobadilisha ni kutaka maelezo yaandikwe kwa namna ambayo mwingine anaweza kurudia kazi. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi tatu na barafu.

Mwanafalsafa Mwingereza John Locke ana kisa kinachofaa sana ukanda huu. Balozi wa Uholanzi alimweleza mfalme wa Siam, Thailand ya leo, kwamba kwao maji huwa magumu wakati wa baridi hata tembo angeweza kutembea juu yake. Mfalme akajibu kwamba mpaka hapo alikuwa akimwamini, sasa ana hakika anadanganya. Waulize watu ambao ziwa lao halijawahi kuganda: mfalme alikosea? Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, alipoandika mwaka 1748 juu ya mwanamfalme wa Kihindi katika hali kama hiyo, alisema alifikiri sawasawa, ingawa alichokikataa kilikuwa kweli. Watu huchukua muda kukubali kwamba mtu anaweza kufikiri vizuri na akafika pasipo kweli. Wape muda huo, hata kama ratiba inalia.

Jioni ya tano ina Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, na inahitaji mpangilio. Someni kwanza makala yake ya 1784 juu ya mwangaza wa akili, anapomtaka mtu athubutu kutumia akili yake bila kuongozwa na mwingine. Elezeni mgawanyo wake: aliye kazini anatii, lakini akisimama kama msomi mbele ya umma ana haki ya kukosoa. Kwa mfano wa hapa, afisa uvuvi akiwa zamu anasimamia kipimo cha tundu la nyavu kilichowekwa. Akiandika makala anaweza kuonyesha kwamba kipimo hicho hakifai. Wafanyakazi wa serikali kwenye duara huwa na mengi ya kusema juu ya mstari huo na kama unavukika.

Kisha, si kabla, toa maandishi ya 1764 ya Kant huyohuyo, anapotaja kwamba mtu fulani alikuwa mweusi toka kichwani hadi miguuni na kulifanya jambo hilo uthibitisho kwamba alichosema ni cha kipumbavu. Baadhi watataka Kant atupwe mtoni. Kwa maoni yetu kumtupa ni kumsaidia. Mkague kwa swali lake mwenyewe: alithubutu kutumia akili yake hapa, au alirudia alichosikia? Ushahidi wa kinyume haukuwa mbali. Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa karibu na Axim katika Ghana ya leo, alitetea tasnifu yake Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1734 na kufundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena hukohuko.

Mfano wa ziwa kwa jioni hii ni sangara. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 akipinga. Wenye mamlaka ya uvuvi walitaka samaki mkubwa wa kibiashara, na wao ndio waliokuwa na uamuzi. Miaka ya 1980 sangara alifurika, viwanda vikaja, na aina nyingi za furu zikatoweka, baadhi kabla hazijapewa jina na sayansi, ingawa watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakifanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu 1977. Tumia hapa orodha ya mwanafalsafa Mmarekani Charles Peirce ya 1877 ya njia nne za kutuliza shaka: kung'ang'ania, kupokea amri, kushika kinachopendeza akili, na kuchunguza. Kila mmoja aseme uamuzi ule ulipita njia gani. Usiruhusu jibu rahisi la “wataalamu walikosea”; wataalamu hawakuwa upande mmoja.

Jioni ya sita haifanyiki kwenye duara. Watu wanakwenda wawili wawili kwa wazee, kwa njia ya mwanafalsafa Henry Odera Oruka (1944–1995), mzaliwa wa Nyanza upande wa Kenya, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Alitenganisha mzee anayeijua desturi na kuieleza vizuri, na mzee anayeweza pia kuisimamia pembeni na kuihukumu kwa hoja. Alipinga wazo kwamba Afrika ina hekima ya jumla tu isiyo na mwenyewe. Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alilalamika kwamba shule zilimfanya mtoto aamini kila maarifa yenye maana yako vitabuni au kwa waliosoma, na kuwadharau wazee. Tunamsoma pamoja na mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, ambaye mwaka 1980 alitaja ubabe wa mamlaka kuwa mojawapo ya magonjwa ya utamaduni wowote, wa kwetu ukiwemo. Mmoja bila mwingine anapotosha.

Sasa namna ya kuuliza. “Umejuaje?” kwa kijana mwenzio ni swali, kwa mzee ni kesi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, za mvua na za mifugo, uliza hivi: “Mzee wangu, hili ulilipata kwa nani?” Hiyo ni isnadi. Halafu: “Akija mtu akalikataa, ungemjibu vipi?” Hiyo ni kamba ya Plato. Halafu, taratibu: “Kuna jambo la desturi ambalo watu wanalishika na wewe mwenyewe moyoni hulikubali?” Hili la tatu ndilo linalomtenga mzee wa aina ya pili, na jibu lake linachelewa. Hesabu hadi ishirini kabla ya kusema lolote. Vijana wengi wanashindwa hapo. Wanammalizia sentensi, na rekodi inabaki na mawazo ya kijana kwa sauti ya mzee.

Yapo mengine yanayoharibika. Bibi akihojiwa mbele ya wanaume wa nyumba yake, wanaojibu ni wao. Aende msichana, wakaongee jikoni au shambani. Maneno ya Kisukuma, Kikerewe au Kijita yaandikwe yalivyotamkwa, na tafsiri iwekwe kando, kwa sababu tafsiri ya haraka huwa tayari ni falsafa ya mfasiri. Waandikaji hupenda kumfanya mzee aonekane kama Sokrates. Futa kila sentensi ambayo haimo kwenye rekodi. Oruka mwenyewe aliulizwa na wapinzani wake kama falsafa hiyo ni ya mzee au ya anayemhoji, na swali hilo halijafungwa. Hapa ndipo lile la kijana wa Meno asiye na jina linaporudi mezani, maana ni lilelile kwa sura nyingine.

Kwa kazi yenyewe tunafanya hivi: mwulize mzee kama anataka jina lake liandikwe au la, kabla ya kurekodi na tena baada. Andika maelezo, rudi naye ndani ya wiki mbili, msomee yote kwa sauti katika lugha aliyoisema. Karibu kila mzee atasahihisha kitu. Usifute kauli ya kwanza. Iache, weka ya pili chini yake na tarehe, na kama ametoa sababu ya kubadili, andika hiyo kwa ukamilifu kuliko zote mbili.